Mmea wangu wa bangi ya otoflawa umetoa maua ungali mdogo: niuweke gizani au niung'oe?

*"Habari za kazi, kaka mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, nina miaka 36, naishi Hamburg, Ujerumani, mwaka wa nane sasa, kazi yangu ni kuhudumia wazee. Tangu sheria ya huku ilegezwe nimeamua kukuza bangi yangu mwenyewe, kwa ajili ya usingizi na mgongo unaonisumbua. Nilinunua mbegu tatu za otoflawa, yaani zile zinazosemwa hujichanulia zenyewe, kwa sababu kila mtu anasema ndizo za wanaoanza. Ya kwanza niliiotesha kwenye kikombe cha plastiki, wiki ya tatu nikaihamishia kwenye chungu cha lita 11. Siku zilezile nikakata kichwa ili itoe matawi, kama nilivyoona kwenye video, na nikaipa mbolea kwa kipimo cha kwenye chupa. Sasa ina wiki tano. Haijafika hata sentimita 25, majani ya chini yanageuka manjano, ncha za majani ya juu zimeungua, na tayari inatoa vinywele vyeupe vya maua! Mwenzangu kazini anasema niiweke gizani saa 12 kila siku, la sivyo haitachanua vizuri. Shemeji yangu wa Morogoro anasema bangi ya nyumbani hujichanulia yenyewe tangu enzi, nimeliwa pesa. Nani mkweli? Niihamishe tena, niongeze mbolea, au niing'oe nianze upya? Na je, mbegu mbili zilizobaki nimpelekee shemeji nikienda likizo? Nina mtoto wa miaka sita nyumbani."*

Dada yangu, usiung'oe. Usiuweke gizani, usiuhamishe, na chupa ya mbolea ifungie kabatini kwa sasa. Mmea wako hauna ugonjwa. Umechanua kwa wakati wake hasa, ila wakati huo umeukuta bado mdogo, kwa sababu tangu wiki ya tatu umekuwa ukijiuguza badala ya kukua. Utavuna kidogo, lakini utavuna.

Nianze na ubishi wa shemeji na mwenzako, maana ukiuelewa huo, mengine yote yatajipanga. Wote wawili wanasema kweli kuhusu mimea wanayoijua. Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja wao anayezungumzia mmea ulio nyumbani kwako.

Mwaka 1920 watafiti wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Garner na Allard, walieleza jambo lililowatatiza wakulima kwa muda mrefu. Walikuwa na tumbaku ya aina moja ambayo wakati wa kiangazi ilirefuka tu, haitoi ua. Walipoanza kuiingiza kwenye kibanda chenye giza kila alasiri, ikachanua katikati ya kiangazi. Kumbe haikuwa ikingoja joto wala mbolea, ilikuwa ikingoja siku fupi. Wengine waliokuja baadaye wakaonyesha kwamba mmea unapima urefu wa usiku zaidi ya urefu wa mchana. Ndani ya jani kuna kemikali iitwayo fitokromu ambayo mwanga wa jua huigeuza kuwa umbo moja, kisha gizani hurudi polepole kwenye umbo la pili. Usiku ukiwa mrefu vya kutosha, jani hutengeneza ujumbe unaosafiri hadi kwenye ncha za matawi, na ncha hizo zikaacha kutoa majani zikaanza kutoa maua.

Bangi ya kawaida iko katika kundi hilo. Hungoja usiku mrefu, wa saa kumi na kitu hadi kumi na mbili. Sasa fikiria Morogoro. Tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote kule haifiki saa moja. Usiku ni mrefu mwaka mzima, kwa hiyo mmea ukishakomaa kidogo unachanua, uwe umepandwa masika au kiangazi. Shemeji hajawahi kuona bangi inayogoma kuchanua, na hana sababu ya kuamini ipo. Hamburg ni dunia nyingine: mwezi wa sita mchana una karibu saa 17, mwezi wa kumi na mbili hauzidi saa saba na nusu kwa mengi. Mmea uleule wa Morogoro ukiuweka bustanini Hamburg mwezi wa sita utarefuka kama tumbaku ya Garner na Allard, ukingoja usiku ambao utachelewa kufika. Ndiyo maana mwenzako, anayekuza ndani ya hema la taa, hupunguza mwanga hadi saa 12 anapotaka maua. Kwa mmea wake yuko sahihi kabisa.

Otoflawa imetoka upande tofauti. Mwaka 1924 mtaalamu wa mimea wa Urusi, Janischewsky, aliielezea bangi fupi, isiyo na matawi mengi, inayoota yenyewe kando ya njia na kwenye mashamba yaliyoachwa katika maeneo ya mto Volga, akaiita *Cannabis ruderalis*. Huko kiangazi ni kifupi. Mmea unaokaa ukingoja usiku mrefu ungekutwa na baridi kali kabla mbegu hazijakomaa. Iliyosalia, kizazi baada ya kizazi, ni ile inayochanua ikifikisha umri fulani, mwanga uwe mrefu au mfupi. Wazalishaji wa mbegu waliichukua tabia hiyo wakaichanganya na bangi yenye nguvu zaidi. Aina ya kwanza iliyojulikana sana, Lowryder, ilitoka Kanada mwanzoni mwa miaka ya 2000, na zile unazoziona madukani leo zimefuata nyayo hizo.

Kwa hiyo mmea wako hauhesabu usiku, unahesabu umri. Kuanzia wiki ya tatu hadi ya tano tangu uote, utaanza maua upende usipende, na kwa kawaida utakuwa umemaliza maisha yake kati ya wiki ya tisa na ya kumi na mbili. Giza halitauharakisha. Ukiupa saa 12 tu za mwanga utachanua vilevile, ila utakuwa umeupunguzia chakula, kwa sababu jani hupika sukari kwa mwanga. Acha taa yako iwake saa 18 kwa siku, ukipenda 20, tangu mwanzo hadi mavuno. Saa hizo chache za giza si lazima kwa maua, lakini zinakupunguzia bili na kuipumzisha taa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaouza otoflawa kama mbegu za wanaoanza. Ni rahisi kwa upande wa taa tu. Kwa upande wa makosa ni ngumu kuliko bangi ya kawaida. Anayekuza ya kawaida akiuumiza mmea, huuacha wiki mbili zaidi kwenye mwanga mrefu mpaka upate nafuu, ndipo auchanulishe. Otoflawa haina nafasi hiyo. Ni kama mtihani wenye saa ukutani: dakika ulizopoteza ukitafuta kalamu haziongezwi mwisho.

Sasa tuangalie kilichotokea kwako. Kuhamisha mche kutoka kikombe hadi chungu huvunja vinyweleo vya mizizi, na mmea husimama siku kadhaa ukiotesha vingine. Wewe uliuhamisha wiki ya tatu, wakati mizizi ilikuwa tayari imebanana kwenye kikombe na maua yako karibu. Kukata kichwa ni mbinu nzuri kwa mmea wenye muda, kwani huzuia homoni inayotoka kwenye ncha na kuyaachia matawi ya pembeni yapande. Lakini kupona kunahitaji wiki nzima au zaidi, na wewe ulikuwa na wiki moja au mbili tu kabla ya maua. Kisha mbolea. Udongo wa mfuko unaouzwa madukani huko mara nyingi umeshatiwa chakula cha wiki tatu au nne. Mmea mdogo uliokuwa umeumizwa mizizi ukamwagiwa juu yake kipimo kamili kilichopangwa kwa mmea mkubwa, chumvi zikazidi, ncha za majani zikaungua. Kila kimoja peke yake kingevumilika. Vitatu katika wiki moja vimekula muda wote wa kukua.

Umanjano wa chini una maelezo zaidi ya moja, na hapa nakuomba ushike jani kabla ya kuamua. Ukikuta majani yameinama lakini yamejaa na kukakamaa, umezidisha maji; mizizi imekosa hewa na haiwezi kunyonya hata chakula kilichopo. Kama yameinama na ni laini kama kitambaa, mmea una kiu. Kwa chungu cha lita 11 chenye mmea mdogo namna hiyo, nadhani ni maji mengi. Acha kumwagilia kwa ratiba ya siku. Nyanyua chungu: kikiwa chepesi na kidole kikiingia sentimita tatu bila kukuta unyevu, mwagilia, kikiwa kizito, subiri. Mwagilia maji matupu mara mbili au tatu zijazo. Majani mapya yakitoka mabichi bila ncha za kahawia, rudisha mbolea kwa robo ya kipimo, ya kuchanulishia, ambayo ina naitrojeni kidogo na potasiamu zaidi. Yaliyokwisha kuungua hayatapona, usiyatazame hayo. Tazama machipukizi ya juu.

Kuhusu pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo na maji, watu hulifanya jambo kubwa kuliko lilivyo. Kwenye udongo, kati ya 6 na 7 inatosha. Ikiwa unatumia udongo mzuri wa mfuko na maji ya bomba, pima mara moja ujue ulipo, kisha usihangaike kila siku. Wanaokuza kwenye nyuzi za nazi ndio wanaopaswa kuwa macho zaidi, wakilenga 5.5 hadi 6.5, kwa sababu nyuzi hizo hazina uwezo wa udongo wa kusawazisha makosa.

Mbegu ya pili panda hivi. Iloweke kwenye maji ya vuguvugu usiku mmoja, kisha iweke moja kwa moja kwenye chungu chake cha mwisho, kina cha sentimita moja, katika nyuzi joto 22 hadi 26. Usitumie kikombe. Udongo uwe mwepesi, umechanganywa na perlaiti (vijiwe vyeupe vyepesi vya kupitisha hewa) kama robo, katikati uchague sehemu isiyo na mbolea kali ndipo mbegu ikae. Wiki mbili za kwanza mwagilia duara dogo tu kuzunguka mche, si chungu chote. Usikate kichwa. Ukitaka matawi yapate mwanga, wiki ya tatu laza shina upande mmoja taratibu ulifunge kwa kamba laini kwenye ukingo wa chungu. Hilo linafungua katikati ya mmea bila kuujeruhi. Zaidi ya hapo, kaa mbali. Mikono mingi ndiyo inayoua otoflawa.

Taa ya LED ya wati 100 inatosha mmea mmoja au miwili midogo. Kwa saa 18 inakula uniti 1.8 kwa siku, sawa na uniti 144 kwa siku 80. Ukiwa unalipa senti 35 kwa uniti ni kama yuro 50, mbali na bei ya taa yenyewe na feni. Piga hesabu hiyo kabla ya kununua hema na makorokoro. Kama una roshani inayopata jua, kiangazi cha Hamburg kinakupa mwanga huo bure, na hapa ndipo otoflawa inapong'aa kweli. Panda katikati ya mwezi wa tano baridi ya usiku ikiisha, uvune mwezi wa nane. Bangi ya kawaida nje, huko kaskazini, hukomaa mwezi wa kumi wakati wa mvua na ukungu, na kuvu wa kijivu huozesha maua kutokea ndani wakati nje yanaonekana mazima. Kwa ajili ya kuvu huyo huyo, ukikuza ndani shusha unyevu wa hewa hadi asilimia 40 au 50 maua yakinenepa, na feni isizimwe. Ua likioza, likate lote na sehemu ya juu na chini yake, ulitupe. Usijaribu kuliokoa wala kulivuta.

Kuvuna usifuate pakiti. "Wiki tisa" ya pakiti ni hali nzuri kabisa kwenye chumba cha mwuzaji. Nunua lenzi ndogo ya kukuza, uangalie vivimbe vidogo vya utomvu juu ya ua. Vikiwa angavu kama kioo ni mapema. Vingi vikigeuka vyeupe kama maziwa, na vichache vikianza kuwa na rangi ya asali, ni wakati. Majani makubwa ya chini kugeuka manjano wiki hizo za mwisho ni kawaida, mmea unahamisha chakula kwenda kwenye maua, wala usikimbilie naitrojeni. Kausha kwa kuning'iniza gizani, nyuzi 18 hadi 20, hewa ikitembea bila kupuliza maua moja kwa moja. Hesabu siku kumi hadi kumi na nne. Kijiti kikivunjika kwa mlio badala ya kupinda, weka kwenye mitungi ya kioo, ukiifungua kila siku dakika chache kwa wiki mbili za mwanzo.

Sheria sasa, na hapa naomba uwe makini kuliko mahali pengine pote. Tangu 1 Aprili 2024, mtu mzima aliyeishi Ujerumani angalau miezi sita anaruhusiwa kukuza mimea mitatu kwa wakati mmoja kwa matumizi yake mwenyewe. Nyumbani mwisho ni gramu 50 zilizokauka, na ukiwa njiani gramu 25. Kumpa mtu mwingine hairuhusiwi, hata bure, hata rafiki. Mimea mitatu iliyokua vizuri inaweza kukuvusha gramu 50 kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo usipande mbegu mbili zilizobaki siku moja. Achanisha kwa wiki sita au saba. Wewe ni mgeni huko. Kosa ambalo kwa mwenyeji ni faini linaweza kukuletea maswali kwenye ombi la uraia. Harufu nayo ni jambo la kisheria, maana majirani wana haki ya kutosumbuliwa. Kichujio cha makaa kwenye hema hutatua sehemu kubwa. Kama mkataba wako wa nyumba una masharti usiyoyaelewa, peleka ukasomwe na chama cha wapangaji kabla barua ya mwenye nyumba haijafika.

Mtoto wa miaka sita anabadilisha mpangilio wa nyumba. Sheria inakutaka uizuie mimea na mavuno yasifikiwe na watoto, na mimi ningekuambia hivyo hata kama sheria isingesema. Dirishani hapafai. Hema lenye kufuli, au chumba kinachofungwa. Mitungi iwekwe kwenye kabati la ufunguo. Usitengeneze biskuti wala keki za bangi katika nyumba yenye mtoto. Hizo ndizo zinazowapeleka watoto hospitali, kwa sababu mtoto hali kipande kimoja. Ukimkuta amelegea, anasinzia kupita kawaida, au anatembea akiyumba na unashuku amekula, piga 112 na useme ukweli wote bila kuona aibu. Daktari anahitaji kujua, na muda wa kuficha ni muda wa mtoto.

Mgongo na usingizi si fani yangu, mimi ni mtu wa mimea, ila kuna mambo lazima uyasikie. Kazi yako ni ya kunyanyua watu. Maumivu yanayoshuka mguuni, ganzi, au udhaifu wa mguu yanataka daktari, si mmea, na ukishindwa kuzuia mkojo au choo hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Ujerumani daktari anaweza kuandika bangi ya tiba tangu 2017, yenye kiasi kinachojulikana cha THC, yaani kemikali ya bangi inayolevya. Yako ya nyumbani haina kipimo. Ua la juu na la chini la mmea mmoja huweza kutofautiana. Kwa usingizi, wanaoitumia kila usiku huizoea, na wakiacha hukaa macho usiku kadhaa wakiota ndoto kali. Usiitumie ukiwa mjamzito au unanyonyesha, na kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua akili hadi kusikia sauti, ningekushauri uiache kabisa. Unatumia dawa nyingine, hasa za kulainisha damu? Muulize mfamasia. Na kama unaendesha gari kwenda zamu ya asubuhi, kikomo kilichowekwa Agosti 2024 ni nanogramu 3.5 za THC kwa mililita ya majimaji ya damu. Anayetumia mara kwa mara anaweza kukivuka hata kesho yake, akijihisi mzima.

Na mbegu za shemeji: usizibebe. Kulima bangi Tanzania ni kosa la jinai chini ya sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya 2015, lenye kifungo kirefu, na Kenya ni hivyohivyo chini ya sheria yao ya 1994. Ruhusa uliyonayo Hamburg inaishia mpakani mwa Ujerumani, haisafiri na wewe kwenye begi. Utamweka shemeji hatarini, nawe utajiweka hatarini uwanja wa ndege. Zifunge kwenye kichupa kikavu, uziweke kwenye jokofu, upande moja katikati ya mwezi wa tano na nyingine mwezi wa saba mwanzoni. Hiyo ya pili iandalie nafasi ya kuingia ndani, maana mwisho wa mwezi wa tisa mvua zitakuwa zimeshaanza.